Chapa ya "quatro" haimngoji mgeni: kula na kusafiri kutoka Palma hadi Pemba

Mfanyabiashara anayetoka Mtwara na kuvuka Mto Ruvuma pale Kilambo hupata faraja mapema mno. Upande wa pili, Namoto, anasikia Kimakonde. Akifika Quionga na Palma anakutana na lugha ya pwani iliyo na undugu na Kiswahili, na wengi wa wakazi wa huku wanakijua Kiswahili chenyewe. Wanawake wamejifunga khanga, samaki ni wale wale, wali umeungwa kwa nazi. Siku ya kwanza mgeni anajiona kama hajatoka nyumbani.

Hapo ndipo hasara ndogondogo zinapoanzia. Chakula ni cha nyumbani na watu ni wa nyumbani, ila saa, hela na karatasi ni vya nchi nyingine, na hivyo vitatu hutajwa kwa Kireno.

Saa ndiyo huwaumiza wengi. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Hiyo peke yake isingekuwa tatizo, lakini stendi ya chapa, yaani daladala za huku, hutaja muda kwa Kireno, na Wareno huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kondakta akisema gari linaondoka "às quatro", mgeni aliyejifunza kidogo anajua quatro ni nne, basi analala akiwaza saa nne asubuhi. Gari limekwisha kuondoka. Quatro ni saa kumi alfajiri kwa saa ya Msumbiji, ambayo Mtwara ni saa kumi na moja. Chapa za safari ndefu hupenda kuondoka kiza hicho, na nafasi iliyolipiwa jana haimlazimishi dereva kumsubiri mtu.

Simu nayo si ya kuaminiwa karibu na mto. Ikikamata mnara wa upande wa pili, saa hujibadilisha yenyewe bila kumwambia mwenye nayo. Afadhali saa ya mkononi, iliyorudishwa nyuma mara tu mtu anapogongewa muhuri Namoto.

Tena jua la huku huwahi. Kwa saa za Msumbiji, mwezi Juni jua huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na moja jioni. Mtu aliyezoea kumaliza shughuli zake saa kumi na mbili atajikuta gizani na mzigo begani, katika mkoa ambao giza si jambo la kuchezea.

Kuzunguka mjini si kazi ngumu. Bajaji ipo, ile ile ya magurudumu matatu kutoka India, ila Msumbiji inaitwa txopela, tamka "chopela". Bodaboda ni táxi-mota. Katika mji mkubwa kama Pemba, mtu anaweza kutoka Paquitequete, mtaa wa zamani wa wavuvi, hadi ufukwe wa Wimbe kwa chochote kati ya hivyo au kwa chapa. Bei ya txopela na ya pikipiki hupatanwa kabla ya kukalia kiti. Ndani ya chapa, anayetaka kushuka hupaza sauti: "Paragem!" Mzigo hulipiwa mbali na nauli, na nao hupatanwa kabla haujapandishwa juu ya gari, maana ukishafungwa kamba, mwenye mzigo hana tena nguvu ya kubishana.

Neno jingine la kulijua ni troco, yaani chenji. "Não há troco", chenji hakuna, ni wimbo wa kila siku. Noti za Msumbiji huanzia metikali 20 hadi 1,000, na anayetoa ya 1,000 kulipia mkate huonekana kama anatafuta ugomvi. Kwa hiyo noti ndogo ni mali.

Hela yenyewe ina mtego wake. Metikali moja ni zaidi ya shilingi 30 za Tanzania. Namba zinazotajwa ni ndogo, na macho yaliyozoea maelfu hudanganyika. Mtu akiambiwa sahani ni mia na hamsini anaona karibu ni bure; akipiga hesabu anakuta amekula zaidi ya shilingi 4,500. Milo mitatu ya namna hiyo kwa siku tano, na faida ya gunia zima imekwenda. Namba za Kireno nazo zinataka sikio: sessenta ni 60, setenta ni 70, na katika kelele za soko tofauti haisikiki. Hakuna aibu kumwomba muuzaji aandike kwenye simu. M-Pesa ipo Msumbiji, lakini ni ya Vodacom ya huko na inataka laini ya huko, sawa na e-Mola ya Movitel. Laini ya Mtwara haitamlipa mama ntilie wa Palma.

Sasa chakula, na hapa pwani hii haina choyo. Asubuhi ni matabicho, ndivyo kifungua kinywa kinavyoitwa. Chakula chake cha bei nafuu ni mkate mdogo uliopasuliwa na kujazwa bajia. Wenyewe huandika badjia, na nyingi ni za kunde. Bajia na sambusa (chamuça) ziliingia katika pwani ya Msumbiji pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, wengine wakitoka Diu, iliyokuwa koloni la Wareno huko India, na leo hakuna anayezihesabu kuwa za kigeni. Mkate na bajia nne hubeba mtu hadi mchana.

Mchana ni chima, yaani ugali, wa mahindi au wa muhogo, au arroz, wali. Mchuzi ni caril. Kisamvu kinaitwa matapa, hupikwa kwa nazi na karanga zilizotwangwa, mara nyingi kikiongezwa kamba, na mtu wa Newala au Masasi anayejidai kukijua kisamvu ataomba sahani ya pili. Samaki ni peixe, pweza ni polvo, ngisi ni lulas, kamba ni camarão. Dafu ni lanho. Pilipili haina haja ya kutafsiriwa: ni piri-piri.

Wauzaji wengi wa chakula pwani ni Waislamu, na Mwislamu anakula bila wasiwasi Palma na Mocímboa da Praia. Akipanda Mueda au akikaa kwenye mikahawa ya Pemba, maneno matatu yatamwokoa: porco ni nguruwe, na fiambre na chouriço, vinavyowekwa ndani ya mkate, kwa kawaida hutokana na nguruwe huyo huyo. Mwezi wa Ramadhani majiko mengi ya pwani hayawashwi hadi jioni, hivyo msafiri asiyefunga hununua mkate wake mapema.

Yote hayo ni ya soko na stendi. Barabara ina habari yake nyingine. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Biashara imerudi, lakini mashambulizi hayajawahi kukoma kabisa, na kipande cha barabara kuu kati ya Awasse na Macomia kimekuwa na nyakati za kupitwa kwa msafara wa kijeshi tu. Anayepanga kushuka hadi Pemba huuliza hali ya njia siku ile ile anayosafiri, kwa madereva waliorudi jana, wala hategemei habari za mwezi uliopita.

Na hapa Kiswahili hugeuka. Kwenye kizuizi cha wanajeshi wa Rwanda kinaweza kumsaidia mtu, kwa kuwa wengi wao wanakizungumza. Kwenye kizuizi cha Wamsumbiji lugha ya kazi ni Kireno, na askari anajua kwamba miongoni mwa wapiganaji wamo waliotoka Tanzania. Mgeni anayezungumza Kiswahili, mwenye fedha taslimu, aliyevuka kwa mtumbwi na asiyekuwa na muhuri, ana maswali mengi ya kujibu, hata kama alichofuata ni ufuta au samaki wakavu. Muhuri wa Kilambo na wa Namoto, karatasi za mzigo, na jina na namba ya mwenyeji anayemfuata ni vitu vya kukaa mfukoni, si ndani ya gunia lililofungwa juu ya gari.

Kurudi nyumbani kunadai hesabu moja ya mwisho. Kivuko cha Ruvuma hufuata maji, na maji yakitoka, abiria husubiri. Anayefika Namoto saa kumi alasiri akadhani amewahi, ng'ambo ya mto tayari ni saa kumi na moja, na gari la mwisho la kwenda Mtwara mjini halitazami saa ya Msumbiji.