Elektroni moja, doa moja: Fumbo la kipimo lawagawa wanafizikia

SEREMALA anapopima ubao, urefu ulikuwepo kabla hajakunjua futi yake. Katika fizikia ya kwantumu, inayochunguza chembe ndogo kuliko zote, hakuna uhakika huo, na wataalamu hawajaafikiana ni kwa nini.

Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake, wakiwemo watafiti wa kampuni ya Hitachi ya Japani, walichapisha jaribio linaloonyesha ugumu wenyewe. Walirusha elektroni moja moja zipite njia mbili hadi kwenye kipokezi. Kila moja iliacha doa moja, mahali pasipotabirika. Zilipofika 70,000 hivi, madoa yalikuwa yamejipanga kwa mistari, mithili ya mawimbi yaliyopishana, ingawa kila elektroni ilisafiri peke yake.

Mlingano wa Erwin Schrödinger wa mwaka 1926 unaeleza vema mwendo wa wimbi hilo, lakini hauonyeshi popote linapogeuka kuwa doa. Kanuni ya Max Born, ya mwaka huo huo, hukadiria uwezekano wa doa kuangukia hapa au pale pindi "kipimo" kinapofanyika. Kipimo ni nini? Kanuni haisemi. Nacho kipokezi kimeundwa kwa atomu zinazotakiwa kuutii mlingano uleule!

Wapo wanaosema wimbi huporomoka. Wafuasi wa Hugh Everett, tangu mwaka 1957, hushikilia kuwa haliporomoki kamwe: matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu.

Huko Vienna, Austria, mwaka 2019, hata molekuli zenye atomu hadi 2,000 zilionyesha tabia ya mawimbi. Mpaka unaotafutwa, kama upo, bado haujaonekana.