Je, Wajua? Injini ya Dizeli na Hewa Inayoipa Nguvu

Dizeli inanunuliwa kwa lita, oili kwa galoni, na hewa ni ya bure. Pengine ndiyo maana gereji nyingi huikumbuka mwisho. Lakini kwenye injini ya dizeli yenye turbo, hewa ndiyo inayoamua nguvu, moshi na umri wa chuma. Haya hapa mambo machache ya kumtajia fundi wako.

MWANZO WA MOTO

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi ya cheche? Pistoni huibana hewa hadi ibaki sehemu moja ya 16, au hata ya 18, ya ujazo wake wa awali. Kwa kubanwa huko tu, joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Nozeli ikipuliza mafuta humo, yanawaka yenyewe.

Je, wajua kwamba lita moja ya dizeli inahitaji takriban lita 10,000 za hewa ili iungue yote? Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kazini injini hupewa hewa zaidi ya hiyo, kwa sababu mafuta yana muda mfupi mno wa kuchanganyika nayo kabla pistoni haijashuka.

Je, wajua kwamba kwenye dizeli ya kizamani mguu wako hauigusi hewa? Injini ya petroli ina kilango kinachofunguka unapokanyaga, hewa ikaongezeka. Dizeli haikuwa nacho. Hewa iliingia kwa kadiri silinda zilivyoweza kuvuta, na kanyagio likaongeza au kupunguza mafuta peke yake.

Je, wajua kwamba kukosekana kwa kilango hicho kulizaa breki maarufu ya malori? Kwa kuwa hewa huingia bila kizuizi, dizeli haishiki sana gari ukiachia mafuta mteremkoni. Mwaka 1931 Mmarekani Clessie Cummins na wenzake wawili waliteremka Cajon Pass, California, na lori lililoishiwa breki, wakanusurika kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa ikikatiza barabara. Miaka mingi baadaye alibuni breki inayofungua valvu za moshi pale pistoni inapomaliza kubana hewa. Hewa ile hutoka nje badala ya kuirudisha pistoni chini kwa nguvu. Breki hiyo iliingia sokoni mwaka 1961.

TURBO

Je, wajua kwamba turbo huendeshwa na kitu ambacho kingetupwa? Karibu theluthi ya nishati ya mafuta hutokea kwenye bomba la moshi. Moshi huo huzungusha gurudumu lenye mapanga. Mhimili mmoja unaliunganisha na gurudumu la pili upande wa hewa safi, nalo huisukuma hewa kwa presha kuelekea kwenye silinda. Hakuna mkanda wala gia.

Je, wajua kwamba wazo hili lina zaidi ya karne moja? Mhandisi Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Ilipita miaka 20 hivi ndipo likafanya kazi ya maana, katika meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Injini zilizokuwa na nguvu farasi 1,750 zikatoa 2,500. Malori yalifuata mwaka 1938 kupitia kampuni ya Saurer ya Uswisi. Gari dogo la kwanza la dizeli yenye turbo kutengenezwa kwa mauzo, Mercedes-Benz 300SD, lilisubiri hadi 1978.

Je, wajua kwamba turbo ya gari dogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika? Injini yenyewe huwa haifiki hata 5,000.

Je, wajua kwamba mhimili wa turbo nyingi haukai juu ya bearingi za golori? Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Upande mmoja moshi unaweza kuvuka nyuzi 700, na sentimita chache kutoka hapo hewa ya nje ndiyo kwanza inaingia. Ukipanda mlima na mzigo kisha ukazima injini papo hapo, oili husimama ndani ya chuma cha moto, ikaungua na kuacha makaa yanayoziba njia zake. Acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Je, wajua kwamba Toyota imetoa mfano mzuri wa kupima faida ya turbo? Injini ya 1HZ na ya 1HD-T, zote za Land Cruiser na za mwaka 1990, zina silinda sita na ujazo uleule wa sentimita za ujazo 4,164. Ya kwanza haina turbo na hutoa takriban nguvu farasi 130. Ya pili inayo, nayo hufikia takriban 165. Hata hivyo, 1HZ imependwa sana kwa kazi za porini, kwani kisichokuwepo hakiharibiki.

Je, wajua kwamba hewa iliyosukumwa na turbo huweza kufika nyuzi 150 au zaidi? Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo oksijeni yake ni haba kwa kila lita. Ndiyo kazi ya intakula, ile rejeta ya pili isiyo na maji inayokaa mbele ya gari: hewa ikipoa, silinda ileile hubeba nyingi zaidi.

MILIMANI

Je, wajua kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15? Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, umepoteza karibu robo. Lori lisilo na turbo huchoka njiani na kutoa moshi mweusi, kwa kuwa mafuta ni yaleyale na hewa imepungua. Lenye turbo hujirekebisha kwa kiasi: hewa ikiwa nyepesi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi. Inapokaribia kikomo chake, kompyuta hupunguza mafuta ili mapanga yasipasuke.

Je, wajua kwamba jambo hilo lilithibitishwa juu ya mlima mwaka 1918? Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege, iliyotumia petroli, hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,302. Katika usawa wa bahari ingetoa karibu nguvu farasi 350. Kule juu ilishuka hadi 230 hivi. Turbo ilipofungwa, ikarudi juu ya 350.

MLANGO WA HEWA

Je, wajua kwamba injini ya lita 3, bila turbo, huvuta takriban lita 3,000 za hewa kila dakika ikizunguka mara 2,000? Turbo ikiongeza presha ya angahewa moja, kiasi hicho hukaribia kuwa maradufu. Katika barabara ya vumbi, hesabu vumbi hilo linaelekea wapi filta ikitoboka.

Je, wajua kwamba filta ya karatasi yenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya? Vumbi la kwanza hugeuka kichujio cha ziada. Likizidi, injini hukosa hewa. Ndiyo maana malori mengi yana kiashiria kidogo kwenye nyumba ya filta, kinachogeuka chekundu wakati wa kuibadilisha ukifika. Kuipuliza kila wiki kwa upepo mkali wa kompresa hutoboa karatasi kwa matundu usiyoyaona.

Je, wajua kwamba lile bomba linalopanda ubavuni mwa kioo cha Land Cruiser, mkonga kwa lugha ya madereva, husaidia hata pasipo na mto wa kuvuka? Juu kule vumbi ni kidogo kuliko kwenye usawa wa matairi. Kwenye mafuriko kazi yake ni kubwa zaidi: maji hayabaniki, na yakiingia kwenye silinda, pistoni huwa kama imegonga ukuta na mkono wake kupinda.

Je, wajua kwamba dizeli yenye turbo iliwahi kuanza nafasi ya kwanza katika mashindano ya Indianapolis 500? Ilikuwa mwaka 1952. Fred Agabashian aliliendesha gari la kampuni ya Cummins kwa kasi iliyolipatia nafasi hiyo katika majaribio, na wapinzani waliodhani dizeli ni ya malori wakabaki midomo wazi. Siku ya mbio, gari liliishia mzunguko wa 71 kati ya 200. Mdomo wa kuvuta hewa ulikuwa chini, mbele ya gari, ukaokota vipande vya mpira wa matairi barabarani hadi turbo ikaziba. Injini ilikuwa nzima. Iliangushwa na mahali pa kuvutia hewa.

KONTROLI

Je, wajua kwamba kabla ya kompyuta, kazi ya kulinganisha hewa na mafuta ilifanywa na kiwambo cha mpira? Kibomba chembamba kilitoka kwenye njia ya hewa hadi juu ya pampu ya mafuta. Presha ya turbo ikipanda, kiwambo kilisukumwa na pampu ikaruhusu mafuta zaidi. Kibomba kikipasuka, lori hukosa nguvu bila kutoa moshi, na fundi asiyejua hushusha pampu nzima.

Je, wajua kwamba sensa ya kupima hewa hutumia joto? Kipande chembamba hupashwa umeme kwenye njia ya hewa. Hewa inayopita hukipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake huiambia kompyuta ni kiasi gani cha hewa kimeingia. Sensa nyingine husoma presha baada ya turbo, nyingine joto. Kompyuta huyajumlisha yote, kisha ndipo inaamua mafuta. Siku hizi mguu wa dereva ni ombi tu.

Je, wajua kwamba mfumo wa reli moja ya mafuta, unaoiwezesha kompyuta kuongoza kila nozeli kwa umeme, ulianzia kwenye lori? Denso ya Japani iliufikisha kwenye lori la Hino Ranger mwaka 1995. Alfa Romeo 156 ikaufikisha kwenye gari dogo mwaka 1997, kwa vifaa vya Bosch. Presha ya mafuta kwenye mifumo ya leo hupita bar 2,000.

Je, wajua kwamba turbo lazima izuiwe? Ikiachwa, moshi mwingi huizungusha zaidi, hewa huongezeka, moshi nao huzidi. Njia ya kwanza ni kilango kinachopitisha sehemu ya moshi pembeni bila kugusa mapanga. Ya pili ni vipande vinavyogeuka kuzunguka gurudumu la moshi. Injini ikiwa taratibu, huibana njia, na moshi hupita kwa kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Injini ikichanganya, hufunguka.

Je, wajua kwamba masizi yakigandisha vipande hivyo, gari hukosa nguvu ghafla mlimani? Kompyuta inaona presha tofauti na iliyoagiza, inawasha taa na kupunguza mafuta ili kujilinda. Dalili hiyohiyo huletwa na mpira wa hewa uliochanika chini ya klampu. Angalia mpira kwanza. Turbo ni ghali.

Je, wajua kwamba dizeli za kisasa zimewekewa kilango cha hewa, na tena hulishwa moshi wake zenyewe? Kilango husaidia kuvuta sehemu ya moshi irudi kwenye silinda. Moshi huo hupunguza oksijeni, joto la mwako hushuka, na oksidi za nitrojeni, zinazodhuru mapafu, hupungua. Hasara yake ni masizi yanayochanganyika na mvuke wa oili na kuziba njia ya hewa.

Je, wajua kwamba programu ya kompyuta ya injini iliwahi kutikisa dunia ya magari? Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilifichua kwamba dizeli za Volkswagen zilitambua zinapopimwa na kusafisha moshi wakati huo tu. Barabarani baadhi zilitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari takriban milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Je, wajua kwamba mafuta yenyewe huathiri njia ya hewa? Salfa kwenye dizeli huzaa tindikali inayokula vifaa vya kupoza moshi unaorudishwa. Januari 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

HATARI NA MENGINE

Je, wajua kwamba dizeli inaweza kukataa kuzimika? Mhimili wa turbo ukilegea na kuvujisha oili kwenye njia ya hewa, injini huichoma oili hiyo na kupaa mizunguko. Ufunguo hausaidii, maana hukata mafuta ya tangi tu. Dawa ni kuinyima hewa. Usijaribu kwa kiganja.

Je, wajua kwamba Machi 23, 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, gari la dizeli lililoachwa likinguruma lilivuta mvuke wa mafuta uliokuwa umevuja? Injini ilichanganya yenyewe, na mvuke ukalipuka. Watu 15 walifariki. Ndiyo sababu dizeli zinazofanya kazi penye gesi huwekewa kifaa cha kufunga hewa papo hapo.

Je, wajua kwamba injini kubwa ya meli ya mipigo miwili haiwezi hata kuvuta hewa yenyewe? Ile ya Emma Mærsk ya mwaka 2006, yenye silinda 14 na takriban nguvu farasi 109,000, hutegemea turbo. Inapoanza, moshi ukiwa haujatosha, feni za umeme huisukumia hewa.

Na la mwisho: je, wajua kwamba moshi unasomeka? Mweusi: mafuta yameizidi hewa, anza na filta, mipira na intakula. Wa bluu: oili inaungua, kagua turbo na ringi. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto: mafuta hayajawaka, au maji yameingia. Ukienda kununua gari la mkononi, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyolala usiku kucha haina pa kuficha moshi wake wa kwanza.