Jambia Kwenye Uso wa Saa

Katika miaka ya 1970, Sultani Qaboos wa Oman aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya jambia usoni. Baadhi aliwatunuku askari wa Uingereza waliompigania vita vya Dhofar. Mtambo wa saa hizo ni uleule wa Rolex nyingine za aina hiyo, lakini mnadani leo jambia lile dogo hupandisha bei mara kadhaa.

Kama ni kusoma majira tu, saa ya springi ilishashindwa zamani. Desemba 1969, Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkono ya betri iliyokosea sekunde tano tu kwa mwezi. Saa nzuri ya springi huweza kukosea hizo kwa siku moja. Ajira katika viwanda vya saa vya Uswisi zikaanguka kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Walionusurika wakageuza bidhaa: wakauza ufundi, jina na uhaba. Mwaka 2024 Uswisi iliuza nje saa milioni 15 hivi, kwa faranga bilioni 25 hivi.

Uhaba huo una walanguzi wake. Kampuni ya Patek Philippe ilipoachana na saa yake ya Nautilus 5711 ya chuma mwaka 2021, bei mtaani ilipita maradufu ya bei ya dukani. Mapema 2022 soko la saa za mtumba lilifika kileleni, kisha likaporomoka, na waliochelewa kununua wakabaki na hasara mkononi.

Watengenezaji nao hawakukaa pembeni. Desemba 2022 Rolex ilianza kuthibitisha saa zake zilizokwisha kuvaliwa, zikauzwa zikiwa na dhamana ya miaka miwili. Mwaka uliofuata ikatangaza kuinunua Bucherer, kampuni kubwa ya maduka ya saa. Imeona faida ilipo: katika soko hili uhakika nao ni bidhaa.

Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu huuliza hati na boksi kabla ya bei, na hukimbia uso uliopakwa rangi upya. Jambia linaweza kuchorwa na mghushi yeyote hodari. Barua ya kutunukiwa na mikwaruzo ya miaka hamsini ni vigumu zaidi kuigiza.