Gemu iliyofundisha kusoma: Watengeneza michezo wa Korea Kusini na vijiji vya Tanga

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

UKIPITA jioni katika mitaa ya Majengo au Chang'ombe mjini hapa, si ajabu kukuta kibanda kilichojaa vijana waliokodolea macho runinga, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kucheza mpira wa kwenye skrini. Mzazi apitaye huguna, akatikisa kichwa na kuendelea na safari yake. Kwake yeye, gemu ni mwizi. Huiba muda wa kusoma, huiba fedha ya daftari, na mwishowe humrudisha mtoto nyumbani usiku akiwa hajagusa kazi ya shule.

Malalamiko hayo yana ukweli wake, wala makala haya hayakusudii kuyabeza. Hata hivyo, kuanzia Desemba 2017, jambo lililofanyika katika mkoa wa Tanga kwa muda wa miezi 15 linatulazimu kulitazama suala hili kwa jicho jingine. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila ya kuwapo mwalimu wa kuwafundisha. Programu mbili zilishinda, na mojawapo ilitengenezwa na kampuni ya watu ambao hapo awali walikuwa wakiendesha maisha yao kwa kutengeneza gemu.

Kampuni hiyo inaitwa Enuma. Historia yake inaanzia Korea Kusini, inapita Marekani na kufikia kilele chake katika ardhi ya Tanzania. Ni historia ambayo Watanzania wachache wanaifahamu, ingawa sehemu yake iliyo muhimu zaidi iliandikwa kwa lugha yetu na vidole vya watoto wetu.

Kutoka karata hadi skrini

Anayetaka kuelewa kampuni za gemu zinavyofanya kazi hana budi kuanzia Mashariki ya Mbali. Nintendo ya Japani, ambayo jina lake limekuwa sawa na gemu kwa watu wengi, ilianzishwa mwaka 1889 katika mji wa Kyoto ikitengeneza karata. Ilikaa katika biashara ya michezo ya mikono kwa miongo mingi kabla ya kuingia katika michezo ya elektroniki, na mwaka 1983 ikatoa mashine ya nyumbani iliyoipatia umaarufu duniani kote.

Korea Kusini ilishika njia yake yenyewe. Huko, gemu za kuchezwa kwa pamoja kupitia intaneti ndizo zilizotawala. Kampuni ya NCSOFT, kwa mfano, iliundwa mwaka 1997 na mwaka uliofuata ikatoa mchezo uitwao Lineage, ambao ulivuta wachezaji kwa mamilioni.

Katika kampuni za namna hiyo, mbunifu wa gemu hulipwa kwa kujua jambo moja kubwa, nalo ni namna ya kumfanya mchezaji atamani kujaribu tena baada ya kushindwa. Mchezo ukiwa rahisi mno, mchezaji huchoka. Ukiwa mgumu mno, hukata tamaa. Mbunifu hutafuta mstari mwembamba ulio katikati ya hali hizo mbili. Ni ujuzi uleule ambao kila mwalimu wa darasa la kwanza anauhitaji, ingawa si kila mwalimu mwenye watoto wengi darasani hupata nafasi ya kuutumia kwa kila mmoja wao.

Wazazi waliobadili kazi

Mmoja wa wabunifu hao alikuwa mwanamke aitwaye Sooinn Lee, aliyefanya kazi katika tasnia ya gemu nchini Korea Kusini, ikiwamo kampuni ya NCSOFT. Mumewe, Gunho Lee, ni mhandisi wa programu za kompyuta. Walipopata mtoto aliyezaliwa akiwa na mahitaji maalumu, walianza kutafuta vifaa ambavyo vingemsaidia kujifunza. Vingi walivyoviona vilikuwa duni, vikionekana kana kwamba mtoto mwenye shida ya kujifunza hastahili kazi iliyofanywa kwa ustadi.

Mwaka 2012 wanandoa hao wakaanzisha kampuni yao huko Berkeley, California. Mwanzoni iliitwa LocoMotive Labs, kisha ikachukua jina la Enuma. Programu yao iliyojulikana zaidi, Todo Math, ilitoka mwaka 2014 ikiwafundisha watoto hesabu za awali kwa njia ya michezo mifupi. Iliundwa hivi kwamba mtoto mwenye kasi ndogo asione haya, na mwenye kasi kubwa asisubiri.

Kwa kuwa msingi wao ulikuwa mtoto anayepata shida kuliko wenzake, hawakuwa mbali sana na swali lililokuwa linakuja: je, mtoto asiye na shule wala mwalimu anaweza kujifunza kwa njia hiyohiyo?

Shindano la dola milioni 15

Mwaka huohuo wa 2014, taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano lenye zawadi ya dola milioni 15 za Marekani, likifadhiliwa na tajiri Elon Musk pamoja na wengine. Sharti lake lilikuwa zito. Washindani walitakiwa kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu peke yake, na programu za mwisho zilipaswa kuweka msimbo wake wazi ili yeyote aweze kuutumia bure.

Timu karibu 200 zilijiandikisha. Mwaka 2017 zikachujwa hadi tano, kila moja ikipata dola milioni moja. Enuma iliingia kwa programu iitwayo Kitkit School. Nyingine zilikuwa onebillion yenye ofisi Uingereza na Kenya, Chimple ya India, RoboTutor ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, na CCI ya Marekani.

Mahali pa majaribio palichaguliwa kuwa Tanzania, kwa ushirikiano wa Serikali, UNESCO na WFP. Kampuni ya Google ilitoa vishikwambi, na katika vijiji vikawekwa vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Watengeneza gemu wa Korea Kusini, India na Marekani walijikuta wakiumiza vichwa juu ya silabi ambazo mtoto wa Kitanzania huziimba darasani: ba, be, bi, bo, bu.

Takwimu zilizochukuliwa kabla ya majaribio zinaonesha ukubwa wa mzigo. Asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawakuwahi kuhudhuria shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani. Na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Ndani ya kishikwambi

Programu ya namna hii haiwezi kumpa mtoto maelekezo ya maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo asiyoyajua. Kila kitu sharti kielezwe kwa sauti, picha na mwendo. Mtoto husikia sauti ya herufi, huona inavyochorwa, kisha huifuatisha kwa kidole. Akipatia, hupata ishara ya furaha papo hapo. Akikosea, haadhibiwi wala hachekwi, bali hupewa nafasi ya kurudia. Hatua inayofuata hufunguka pale tu iliyotangulia inapokuwa imekaa sawa.

Kiswahili kilikuwa na msaada wake katika kazi hiyo. Tofauti na Kiingereza, ambako herufi moja huweza kutoa sauti nyingi, maneno yetu kwa kawaida husomwa jinsi yalivyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi, mlango wa kusoma umefunguka.

Wala fikra yenyewe si ngeni kwetu. Mtoto aliyekulia kijijini alijifunza kuhesabu kwa mdako kabla hajaona ubao, akirusha kokoto juu na kuzitoa nyingine shimoni kwa idadi maalumu. Bao limewafundisha wazee wengi hesabu za haraka kuliko shule. Taifa nalo liliwahi kukigeuza chombo cha habari na burudani kuwa darasa. Mwaka 1973, kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Kilichofanyika Tanga kilikuwa mdako na redio vilivyoungana ndani ya kioo kimoja.

Nusu iliyofanikiwa na nusu iliyobaki

Mei 15, 2019, matokeo yalitangazwa mjini Los Angeles, Marekani. Majaji walishindwa kumpata mshindi mmoja, hivyo Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, kila moja ikiondoka na dola milioni tano. Baada ya miezi 15, ile sehemu ya zaidi ya asilimia 90 ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa uadilifu. Kwa upande mmoja, ni jambo kubwa kwa mtoto aliyekuwa hajui chochote kusoma neno lake la kwanza bila mwalimu. Kwa upande wa pili, nusu nyingine ilibaki pale ilipokuwa. Kishikwambi hakimuulizi mtoto kama amekula, wala hakigundui kwamba ana homa. Anayedhani kwamba kifaa hicho kitaziba pengo la walimu atakuwa ameisoma nusu moja tu ya habari hii.

Jirani zetu hawakusubiri. Mwaka 2022, Serikali ya Malawi ilizindua mpango wa kitaifa wa kupeleka vishikwambi vyenye programu ya onebillion katika shule zake za msingi, watoto wakivitumia kwa zamu huku walimu wakiendelea na kazi yao. Huko, mashine imewekwa kando ya mwalimu, si mahali pake.

Dodoma ina nini mkononi?

Mkoa wa Dodoma, ambao kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya milioni tatu, haupungukiwi jua. Unao pia watoto wanaoshinda na mifugo katika nyika za Bahi, Chemba na Kongwa, ambako kutoka kaya moja hadi shule kunaweza kuwa safari ndefu. Elimu bila malipo ya ada iliyoanza Januari 2016 iliondoa kikwazo kimoja. Umbali, kazi za nyumbani na msongamano wa madarasa ni vikwazo vingine.

Upande wa pili wa mkoa huohuo kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya sayansi za kompyuta na elimu angavu. Kuna wizara yenye dhamana ya elimu, ambayo kama nyingine imehamia makao makuu. Na baada ya Sensa, Serikali ilielekeza vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vipelekwe katika sekta ya elimu, walimu wakiwa miongoni mwa waliogawiwa.

Zaidi ya hayo, msimbo wa programu zote tano zilizofika fainali, zikiwa na masomo ya Kiswahili, uliwekwa wazi kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuuchukua na kuuendeleza. Mwanafunzi wa kompyuta anayetafuta mradi wa kumalizia masomo hahitaji kuanza na ukurasa mtupu. Anaweza kuanzia pale walipoishia mabingwa, akaongeza hadithi za mazingira ya Ugogo, mbuyu na zizi badala ya picha za ugenini.

Ushahidi kwamba Watanzania wanaweza upo. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza mwaka 2014 kuonesha katuni za Ubongo Kids zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, watoto wakijibu maswali kwa ujumbe wa simu. Katuni hizo zilitoka hapa nchini na kutazamwa hata nje ya mipaka yetu.

Kwa hiyo mzazi anayepita kando ya kibanda cha gemu ana haki ya kuguna. Lakini pamoja na kuuliza kwa nini kijana wake yumo humo, huenda akajiuliza swali la pili: ni nani aliyetengeneza kile kinachomfanya kijana huyo asahau njaa na usingizi, na kwa nini ustadi huo usitumike kwa mtoto wa Chemba ambaye bado hajasoma neno lake la kwanza?

Wazazi wawili kutoka Korea Kusini walijiuliza swali la aina hiyo kwa ajili ya mtoto wao, na jibu lao likapimwa katika vijiji vya Tanga. Zawadi ilikwisha kuchukuliwa. Programu yenyewe, kwa Kiswahili chake, bado ipo kwa atakayeihitaji.