Ua wa Mimea Shuleni: Ukuta Kwanza, Chujio Baadaye

Ukisikia kwamba shule ya mjini imepanda mimea ili kujikinga na moshi wa magari, ni rahisi kudhani kwamba majani yanaufyonza moshi wote. Yanaufyonza, ila kidogo. Kazi kubwa ya ua huo ni ya ukuta.

Tazama Shule ya Msingi Bowes, Enfield, kaskazini mwa London, iliyo jirani na North Circular, mojawapo ya barabara zenye magari mengi zaidi jijini humo. Upande wa barabara uliwekwa kiambaza cha aivi, mmea utambaao usiopukutisha majani hata wakati wa baridi. Watafiti wa King's College London walipima naitrojeni dayoksaidi, gesi itokayo hasa kwenye injini za dizeli, wakakuta imepungua kwa zaidi ya moja ya tano nyuma ya kiambaza. Jani hufyonza gesi hiyo polepole, na upepo haulisubiri. Kinachosaidia ni kwamba hewa chafu ikigonga kizuizi hulazimika kupanda, ikachanganyika na hewa ya juu iliyo safi zaidi, ndipo ishuke.

Ndiyo maana matundu ni adui mkubwa. Ua uliokonda chini, au wenye pengo kila hatua chache, hupitisha moshi palepale pua za watoto zilipo. Lazima uwe mrefu kuliko mtu mzima na uanzie ardhini. Hata hivyo nafuu hupungua kadiri unavyosogea mbali nao, kwa hiyo madawati ya kupumzikia yawekwe karibu nao.

Kwa chembechembe za masizi, jani lina kazi zaidi. Barbara Maher wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake walilinganisha shule nne za msingi za Manchester: tatu zilizopandiwa mimea na moja isiyopandiwa. Iliyopata nafuu kubwa ilitumia mti ambao Waingereza huuita mwerezi mwekundu, uliopogolewa ukawa ua. Masizi uwanjani yalipungua kwa asilimia 49, na chembe ndogo kuliko mikromita 2.5 kwa asilimia 46. Majani yake madogo, yaliyobanana na yenye mikunjo, hunasa vumbi. Mvua huyaosha majani hayo, nayo huanza kunasa upya. Anayechagua mmea kwa uzuri wa maua tu amechagua pambo.

Lakini ua hauondoi hata gramu moja ya moshi kwenye bomba la gari. Tena katika mtaa mwembamba wenye majengo marefu pande zote, miti yenye matawi yaliyotanda inaweza kuifungia hewa chafu chini. Na kama wazazi wanasubiri langoni injini zikiunguruma, ua mrefu kiasi gani utasaidia? London imekwisha kufunga mitaa zaidi ya 500 ya shule isipitiwe na magari saa za watoto kuingia na kutoka. Kwa maoni yangu hatua hiyo ndiyo ya kwanza. Mimea ni ya pili.

Kamati ya shule iliyo kando ya barabara kuu, iwe Dar es Salaam au Nairobi, ianze na yasiyohitaji fedha nyingi: ipige marufuku injini kuunguruma langoni, ihamishie lango upande wa mtaa wa nyuma pakiwezekana, kisha izibe matundu ya ua ilio nao.