Injini Ipi Bora? Takwimu Katika Kulinganisha Mitambo ya Vyombo vya Majini

Tarehe 3 Aprili 1845 meli mbili za kivita za Uingereza, Rattler na Alecto, zilifungwa kamba tezi kwa tezi, kisha zikaamriwa kuvutana. Rattler iliendeshwa kwa rafadha, na Alecto kwa magurudumu ya makasia ubavuni. Rattler iliikokota mwenzake kinyumenyume kwa kasi iliyokaribia maili 3 za bahari kwa saa. Watu wengi walilichukua shindano hilo kuwa hukumu ya mwisho baina ya rafadha na gurudumu.

Historia imethibitisha kwamba rafadha ndiyo iliyofaa zaidi. Lakini ushahidi wa siku ile ulikuwa dhaifu. Kwanza, mitambo haikutoa nguvu sawa: ule wa Rattler ulitoa takriban nguvu za farasi 300, na ule wa Alecto takriban 141 tu. Pili, mvutano wenyewe ulikuwa mmoja. Tatu, kazi ya meli ni kusafiri, si kuvutana. Mashindano ya mwendo yaliyotangulia baina ya meli hizo, katika bahari shwari na dhidi ya upepo, yalikuwa na maana kubwa zaidi, ijapokuwa hayakusisimua watu kiasi hicho.

Swali kama hilo huweza kukikabili chama chochote cha ushirika cha wavuvi kinachotaka kununua injini za mashua kwa mkopo. Tuseme injini ya kwanza imejaribiwa siku ya maji shwari, na ya pili siku ya kusi kali. Tofauti ya mafuta yaliyotumika haitaonyesha ubora wa injini, bali hali ya bahari. Wanachama watalipa deni kwa miaka mingi kwa sababu ya upepo wa siku moja.

Dawa ya kasoro hiyo ilielezwa kwa ufasaha na Ronald Fisher, mwanatakwimu wa Uingereza aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, na ambaye mwaka 1935 alitoa kitabu mashuhuri juu ya upangaji wa majaribio. Kanuni zake, zilizozaliwa mashambani, zafaa baharini pia.

Kanuni ya kwanza ni kulinganisha vilivyo sawa. Injini zote mbili zifungwe kwenye mashua ile ile, kwa zamu, zikiwa na shehena ile ile, nahodha yule yule na njia ile ile, siku moja. Kinachopimwa ni tofauti ya siku hiyo. Kanuni ya pili ni kuiachia bahati zamu: sarafu irushwe kila siku kuamua injini itakayotangulia, ili upepo wa alasiri usiidhulumu moja daima. Kanuni ya tatu ni kurudia.

Lakini kurudia mara ngapi? Tuseme injini hizo kwa kweli ni sawa. Kila siku moja itatumia mafuta machache kuliko nyingine kwa bahati tu, kama sarafu inavyoanguka upande huu au ule. Katika siku 3, uwezekano wa injini moja, iwayo yote, kushinda siku zote ni 1 katika 4. Jambo hilo ni la kawaida mno kuwa ushahidi. Katika siku 10, uwezekano huo hushuka hadi 1 katika 512. Atakayeona ushindi wa namna hiyo ana haki ya kutilia shaka dhana kwamba injini ni sawa.

Idadi ya siku yapaswa kuamuliwa kabla ya jaribio kuanza. Anayesimamisha jaribio mara injini aipendayo inapoongoza amejidanganya mwenyewe. Hali kadhalika, siku ambayo injini iligoma isifutwe daftarini, kwani kuharibika nako ni matokeo.

Mwishowe, tofauti iliyothibitishwa si lazima iwe tofauti kubwa. Injini yaweza kushinda siku zote 10 kwa kikombe kimoja cha mafuta, huku bei yake ikiwa maradufu. Takwimu huonyesha kama tofauti ipo na ukubwa wake; kuamua kama yastahili gharama yake ni kazi ya wanachama wenyewe, daftari likiwa wazi mbele yao.