Kwa nini bajia za Cabo Delgado hupikwa kwa kunde badala ya dengu?

Katika miji ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia Pemba hadi Palma, karai la mafuta ya moto kando ya barabara ni ishara kwamba chakula cha bei nafuu kimepatikana. Bajia hutumbukizwa ndani ya mkate uliopasuliwa, na kwa watu wengi huo ndio mlo wa asubuhi. Pembeni huwekwa sambusa, ambazo Wareno walizoea kuziita chamuça.

Vitafunio hivyo vina asili ya Bara Hindi. Hata hivyo, bajia inayouzwa Cabo Delgado haifanani kabisa na ile ya Kolkata au Mumbai, na tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu historia ya pwani hii na hali ya wakazi wake leo.

Asili yake ni wapi?

Neno 'bajia' linatokana na lugha za India, ambako mzizi wake una maana ya kukaanga. Katika eneo la Bengal, ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh, vyakula vya namna hii huitwa 'telebhaja', yaani vilivyokaangwa kwa mafuta. Miongoni mwake ni 'beguni', vipande vya biringanya vilivyochovywa katika uji mzito wa unga wa dengu, na 'piyaju', ambayo ni mchanganyiko wa vitunguu na adesi zilizosagwa. Nchini Bangladesh, piyaju haikosekani kwenye futari ya mwezi wa Ramadhani. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao nao hufuturu kwa bajia na sambusa, hawataona ugeni wowote hapo.

Zilifikaje Msumbiji?

Biashara kati ya India na pwani hii ilikuwepo kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498. Baadaye Wareno waliitawala Msumbiji kupitia Goa, makao yao makuu nchini India, hadi mwaka 1752. Wafanyabiashara kutoka Diu na Gujarat walijenga maduka katika Kisiwa cha Msumbiji, na wengine wakahamia Ibo, kisiwa kilichokuwa kitovu cha biashara cha Cabo Delgado. Pamoja na vitambaa na shanga, walikuja na mapishi yao. Hata neno 'karai' lina asili ya Kihindi.

Kwa nini kunde?

Dengu hazilimwi kwa wingi katika eneo hili, ilhali kunde ni zao la Afrika lililofugwa barani humu maelfu ya miaka iliyopita. Mpishi huziloweka, huziambua maganda, kisha huzisaga pamoja na vitunguu, kitunguu saumu, pilipili na chumvi. Rojo hilo hupigwa hadi lipate hewa, ili bajia iwe laini ndani na kavu nje.

Njia hiyo inafanana na ya akara, chakula cha kunde cha Afrika Magharibi ambacho watu waliouzwa utumwani walikipeleka Brazil. Kwa hiyo, jina la bajia ni la India, lakini kilichomo ndani yake ni cha Afrika.

Vita vimebadilisha nini?

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wenye itikadi kali walishambulia Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 waliuteka mji huo na kuushikilia kwa takriban mwaka mmoja, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Mwezi Oktoba 2020, maelfu ya watu walikuwa wamewasili kwa mashua kwenye ufuo wa Paquitequete, mjini Pemba, wengi wao bila chochote mkononi.

Kwa mtu aliyepoteza shamba au chombo cha kuvulia samaki, kukaanga vitafunio ni miongoni mwa kazi chache zinazoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo: karai, mkaa, mafuta na kilo chache za kunde. Lakini hata biashara hiyo ndogo inahitaji usalama. Barabara inapofungwa, bei ya mafuta na unga wa ngano hupanda. Mkulima anapokimbia, kunde nazo hazivunwi, na muuzaji hulazimika kupunguza ukubwa wa bajia au kupandisha bei kwa wateja ambao hawana cha kuongeza.

Ndiyo maana kurejea kwa makarai kando ya barabara katika mji uliokuwa umehamwa si jambo dogo. Humaanisha kwamba kuna aliyelima, kuna aliyesafirisha mzigo, na kuna mteja anayethubutu kutoka nyumbani kabla jua halijapanda.